Fundi Anayeanza na Futi

Mercedes-Benz S-Class ya W220, ile iliyotoka mwaka 1998 ikitembelea upepo badala ya springi, ikiingia gereji kufanyiwa alaimenti, mwangalie fundi kwanza. Akikimbilia spana, ondoa gari lako.

Ninayempongeza hukimbilia futi. Gari likiwa limesimama penye usawa, injini inanguruma, hupima kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa madigadi, pande zote nne. Bodi ikishuka hata sentimita mbili, mikono ya chini hubadili pembe na tairi huinamia ndani kwa juu. Ukirekebisha pembe hizo huku mfuko mmoja wa upepo unavuja, umerekebisha uongo: gari likinyanyuka, vipimo vyote vimekwenda. Ndiyo maana humwambia mteja, "Bosi, tuanze na upepo, alaimenti baadaye," na hela ya siku hiyo inampita. Wangapi wana moyo huo?

Mengine ni ya kawaida: upepo wa tairi, bushi, kisha nyuma kabla ya mbele. Utamu uko kwenye tairodi. Nati hulegezwa, fimbo huzungushwa kidogo kidogo, macho kwenye skrini ya mashine ya alaimenti, mpaka nyekundu igeuke kijani. Fundi wa haraka haraka huridhika hapo. Huyu wa futi hulipeleka gari barabarani, hulegeza mikono kwenye usukani penye lami iliyonyooka, hurudi, huongeza kiduchu. Tairi za gari kama hili si bei ya mchicha, na zikiliwa upande mmoja hakuna wa kukurudishia.