Mwizi Asiye na Bunduki

Filamu za wizi nimetazama nyingi, na nyingi zimenitoka kichwani siku ileile. The Lavender Hill Mob haijanitoka. Ni filamu ya Uingereza ya mwaka 1951, nyeusi na nyeupe, isiyofika hata saa moja na nusu, iliyotoka studio za Ealing jijini London. Watu humsifu Alec Guinness aliyeigiza mwizi, na anastahili. Mimi sifa zangu nampa T.E.B. Clarke, aliyeandika skripti.

Mwizi wake, Holland, ni karani wa benki. Kazi yake ni kusindikiza gari linaloleta mikuo ya dhahabu. Gari lolote likionekana nyuma yao analitilia shaka, hadi wenzake wanamchoka. Wakubwa wake wanamwona mwaminifu, basi. Clarke hakumpa mtu huyu bunduki wala baruti. Alimwachia silaha aliyokuwa nayo miaka yote, kuaminiwa.

Kuiba si kazi. Kazi ni kuitoa dhahabu Uingereza. Holland amekwama hapo mpaka anapokuja mpangaji mwenzake mpya, Pendlebury, mwenye karakana ya kuyeyusha risasi na kutengeneza vijisanamu vya Mnara wa Eiffel vinavyouzwa kwa watalii Paris. Tanuri lipo, kalibu zipo. Wawili hao wanasimama karakanani, na Holland anaanza kuuliza kwa mbali, kama mtu anayepiga soga. Neno wizi halitajwi. Pendlebury anaelewa polepole, unamwona usoni, kisha wanapongezana kwamba ni bahati wote wawili ni watu waaminifu. Mpango mzima umeshafungwa, na mtazamaji ameshakuwa mshirika wao! Sijaona mazungumzo ya filamu yaliyobeba mengi kwa maneno machache namna hiyo.

Wezi wazoefu nao wanapatikana kwa ujanja uleule: wazee hawa wanapita penye watu wengi wakisema kwa sauti kwamba sefu ya karakana ni mbovu na ndani mna mishahara, halafu wanakaa gizani kungoja atakayekuja kuvunja.

Dhahabu inaibwa na kuvushwa ikiwa vijisanamu. Kosa linatokea Paris, vijisanamu sita vya dhahabu halisi vinapouzwa kwa wasichana wa shule kutoka Uingereza. Wazee wanateremka mbio ngazi za mzunguko za Mnara wenyewe kuwawahi, wanazunguka hadi kizunguzungu kinawashika na wanaangua kicheko kama watoto. Mwongozaji Charles Crichton alianza kama mhariri wa filamu, na hapo mkono wake unaonekana: picha zinakatwa kwa kasi ileile ya miguu yao.

Clarke alipata tuzo ya Oscar kwa skripti hiyo. Wewe unayeandika filamu, itafute. Ukifika kwenye onyesho la karakana, lirudie mara mbili, na usikilize kile wasichokisema.