Dini za Kompyuta: Kumsoma Umberto Eco tukiwa Mutanga Sud

Mwaka 1994 Umberto Eco, mwandishi na mtaalamu wa semiotiki kutoka Italia, alichapisha katika jarida la L'Espresso makala fupi ambayo bado inasomwa. Alidai kwamba watumiaji wa kompyuta wamegawanyika kama Wakristo: Macintosh ni Katoliki, DOS ni Protestanti. Mac humshika muumini mkono na kumwongoza kwa picha ndogondogo hadi waraka wake uchapwe. DOS humwacha peke yake na maandiko, ajifasirie mwenyewe, na haimhakikishii kila mtu wokovu. Windows aliifananisha na Uanglikana, yaani sherehe za kanisa kuu kwa juu, na chini yake DOS ileile.

Utani huu ni mtamu, na kwetu una ladha ya ziada. Eco anausikia mwangwi wa Wajesuiti ndani ya Mac, na Wajesuiti hao hao ndio walioshiriki kukianzisha chuo chetu mwaka 1964. Lakini nikiipima makala yake kwa swali linalomkabili mwanafunzi wa hapa, yaani anunue kompyuta ipi, naona inaanza kwa kuchelewa. Eco anaitazama mashine ikiwa imeshawashwa. Mtumiaji wake ana umeme, ana kifaa kipya, na anachagua kama mtu anayechagua kanisa la kusali.

Hapa Mutanga Sud wengi wetu tunanunua kompyuta iliyokwisha kutumika, na mara nyingi "dhehebu" linaamuliwa na njia iliyopitia. Ikitoka Ubelgiji au Ufaransa inakuja na kibodi ya AZERTY. Ikipitia Dubai, QWERTY. Kwa mtu anayeandika tasnifu kwa Kiswahili hili si jambo dogo. Angalia maneno ya lugha yetu: kata, safari, barabara, wanafunzi. Herufi a haituachi hata kidogo. Kwenye QWERTY inakaa mstari wa katikati, chini ya kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto. Kwenye AZERTY imepandishwa mstari wa juu, na kiti chake kimepewa q, herufi ambayo Kiswahili sanifu hakiitumii kabisa. Mtaalamu wa alama kama Eco angeweza kuandika kitabu kizima juu ya kiti hicho, lakini hakukigusa.

Pia hakuuliza kama mashine inafunguka. Chukua ThinkPad T430 ya mwaka 2012: betri inachomoka kwa mkono, kumbukumbu inaongezwa kwa kufungua skrubu chache, diski vilevile. Fundi yeyote makini wa Buyenzi anaimudu, na maelezo atakupa kwa Kiswahili. MacBook Air yenye chipu ya M1, iliyotoka Novemba 2020, ina kumbukumbu iliyofungwa pamoja na chipu yenyewe. Uliyonunua nayo ndiyo utakayozeeka nayo. Kwa hiyo uhuru wa kufasiri maandiko, ambao Eco aliuona kwenye skrini ya DOS, mimi nauona zaidi kwenye bisibisi.

Mashabiki wa Mac wanayo hoja moja nzito, na wapinzani wao huiruka haraka mno. Apple ilitangaza kwamba betri ya Air hiyo inafika saa 18 za kutazama video. Hata ukipata nusu yake kwenye mashine ya mkononi, umeme ukikatika saa kumi na mbili jioni bado una usiku mzima wa kazi. T430 yenye betri iliyochoka itazimika sentensi ikiwa katikati. Ningekuwa na fedha ya kutosha, hoja hii ingeniyumbisha.

Upande wa pili nao umepata pigo. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida kwa Windows 10, na Windows 11 haizikubali rasmi kompyuta za umri wa T430. Kanisa ambalo Eco alilisifu kwa uvumilivu sasa linawatenga waumini kwa sababu ya umri wa mashine zao, na wanaotengwa ni hasa sisi tunaonunua mitumba.

Linux, ambayo toleo lake la 1.0 lilitoka Machi 1994, miezi kadhaa kabla ya makala hiyo, haimo katika mfano wa Eco. Ndiyo inayozihuisha mashine hizi. Na Kiswahili kina historia upande huo wa programu huria: Desemba 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia mradi wa Kilinux, kilitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi yenye menyu za Kiswahili. Leo LibreOffice, iliyochipuka kutoka OpenOffice mwaka 2010, ina kamusi ya kusahihisha tahajia ya Kiswahili, nayo inafanya kazi kwenye Windows, Mac na Linux. Basi anayesema mashine fulani "haijui Kiswahili" aulizwe kwanza ameweka programu gani.

Ushauri wangu kwa mwenzangu mwenye fedha kidogo: tafuta mashine ya QWERTY inayofunguka, iwekee betri mpya, kisha Ubuntu. Sisi wasemaji wa Kirundi jina hilo hatuhitaji kufasiriwa: ni utu, ni ukarimu, na ukisema "ku buntu" umesema bure. Ila bure hiyo ina zaidi ya jigabaiti 5 za kupakua. Kwa vifurushi vya simu ni gharama ya kuumiza, kwa hiyo uliza kwanza nani ameshaiweka kwenye flashi.