Pongezi kwa Soba Hausi za Unguja

Wapo wanaozibeza nyumba za upataji nafuu za Unguja, soba hausi kwa jina la mtaani, wakidai zinampa teja dua badala ya dawa. Sikubaliani nao. Hatua 12 zinazofuatwa humo zilichapishwa Marekani mwaka 1939 na Alcoholics Anonymous, jumuiya ya watu wanaoacha pombe, na zinamwachia kila mtu amwendee Mungu kwa kadiri anavyomfahamu. Mwislamu hapati shida nazo. Tena tawakuli ya humo si ya kukaa kitako. Aliyeacha unga, yaani heroini, huogopa mambo madogo mno: kupita maskani ya zamani, kushika pesa, mama kumuuliza alikokuwa. Hofu hizo huzitamka kikaoni, mbele ya wenzake waliozipitia, kisha huombwa avuke siku ya leo tu. Imani yake hukua kwa siku alizozivuka, mahubiri ni nyongeza. Ni kweli wengine huurudia unga, na arosto, yaani maumivu ya kuuacha, inataka daktari. Methadoni, dawa ya waraibu wa heroini inayotolewa katika hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, tangu 2011, ina kazi yake. Lakini dawa haimfundishi mtu la kufanya na aibu yake. Wanaoziendesha soba hausi, wengi wao wakiwa wametoka huko huko kwenye unga, wanastahili heshima kubwa kuliko wanayopewa.