Jua la Unyanyembe kwenye Ubao wa London

Mwaka 1861 James Augustus Grant, ofisa wa jeshi kutoka Uskoti, alikuwa Unyanyembe, eneo la Tabora katika Unyamwezi, na penseli pamoja na rangi za maji. Mwaka uliotangulia alikuwa amepiga picha Zanzibar kwa kamera, lakini kuzisafisha ndani ya hema dogo lenye joto kulimchosha mno, na mkuu wake wa msafara, John Hanning Speke, akaona heri aiache kazi hiyo. Grant alikusanya pia mimea, na jicho hilo linaonekana: mti aliouchora ni mti fulani, wenye namna yake ya kutawanya matawi. Michoro yake imehifadhiwa katika Maktaba ya Taifa ya Uskoti, Edinburgh.

Kitabu cha Speke kuhusu safari hiyo kilitoka mwaka 1863, na picha zake nyingi zilitokana na kazi ya Grant. Hata hivyo msomaji hakuziona karatasi zenyewe. Johann Baptist Zwecker, Mjerumani aliyeishi London na kujulikana zaidi kwa kuchora wanyama, alizichora upya kwa ajili ya wachongaji wa mbao za chapa. Hapo ndipo mandhari ya bara letu yalipobadilika sura.

Ubao wa chapa ulitokana na mti mgumu, wenye nyuzi zilizobanana, uliokatwa kwa kukingama ili uweze kuchongwa mistari myembamba. Mti huo haunenepi, kwa hiyo picha kubwa ilihitaji vipande kadhaa vilivyoungwa. Mchoraji aliupaka ubao rangi nyeupe, akachora kinyume, kulia kukawa kushoto. Mchongaji aliondoa kila sehemu iliyotakiwa kubaki nyeupe. Kilichosalia kilipokea wino sambamba na herufi za risasi, na picha na maneno vikachapwa kwa mkupuo mmoja. Faida kwa mchapishaji ilikuwa kubwa. Hasara ni kwamba ubao haujui kijivu. Wingu, vumbi, kivuli cha adhuhuri, vyote lazima viwe mistari, na mchongaji mwenye haraka alikuwa na mistari aliyoizoea: huu wa maji, huu wa anga, kikunjo hiki cha majani.

Msomaji naye alikuwa na mazoea yake, na hayo yalikuzwa sana na vitabu vya ushairi. Mwaka 1830 Samuel Rogers alitoa upya shairi lake refu kuhusu Italia likiwa na picha ndogo za J. M. W. Turner, zilizochongwa kwenye mabamba ya chuma. Hazikuwa na fremu. Kingo zake zilififia kwenye weupe wa karatasi, jicho likatoka kwenye mstari wa shairi na kuingia katika ukungu wa ziwa bila kukwazwa. Miaka michache baadaye Turner alichora pia kwa ajili ya tungo za Walter Scott. Wachoraji wa Ulimbwende (Romanticism), kama Turner, walirithi mpangilio wa Claude Lorrain wa karne ya 17: mti mweusi pembeni, mwanga katikati, milima hafifu mbali. Msomaji wa Uingereza akazoea kuwa mandhari ni hisia, na akaitarajia hisia hiyo hata katika kitabu cha safari.

Unyamwezi haukubali mpangilio huo kirahisi. Ni uwanda wa mita 1,200 hivi, wenye vilima vifupi vya mawe, na miombo yake hutoa kivuli chepesi kilichotobokatoboka. Mwanga umeenea kila mahali. Kabla ya mvua majani machanga ya miombo huwa mekundu kama shaba, jambo ambalo wino mweusi hauwezi kulisema. Kinachoniuma zaidi ni watu. Katika mandhari ya Kilimbwende binadamu huwekwa mdogo ili mlima upate ukubwa. Mpagazi wa Kinyamwezi akiwekwa hivyo anageuka kipimo cha milima, wakati yeye ndiye aliyeibeba begani biashara ya njia ya misafara kati ya Tabora na pwani.

Halafu kuna saa. Wachoraji wa Ulimbwende walipenda machweo, ila msafara uliondoka alfajiri na kupiga kambi kabla ya jua kali. Waliotoka Bagamoyo kwenda Tabora walikuwa na jua la asubuhi mgongoni, vivuli vikiwatangulia. Waliorudi pwani na pembe za ndovu walilitazama usoni. Mchoraji anayetaka kupamba utenzi wa njia hii leo ana mwelekeo wa nuru tayari. Picha isiyo na fremu itamfaa pia: vipande vya utenzi vya mizani nane huacha nafasi pana pembeni, ilhali mstari wa shairi wa mizani kumi na sita hujaza upana wa ukurasa na kuisukuma picha juu au chini ya ubeti.

Akitaka machweo, basi achore terekeza. Hiyo ni safari ya alasiri hadi usiku, iliyofanywa pale maji yalipokuwa mbali, kama katika Mgunda Mkali kati ya Ugogo na Unyamwezi. Waelekeao Tabora wana jua la jioni machoni, na rangi zile za dhahabu kwao ni saa za kiu: vibuyu vyepesi, midomo mikavu, na kirangozi, kiongozi wa njia, mbele akiharakisha mwendo.