Kampuni huko Manga: Hesabu Inayoanza Baada ya Cheti

Chukua watu wawili wa Manga, kaunti ya Nyamira. Mmoja hukusanya ndizi mashambani akiwa na mtaji wa shilingi 100,000. Mwingine ana shilingi 5,000,000 za kufungua duka la vifaa vya ujenzi. Wote wakisajili kampuni ya dhima yenye kikomo kupitia tovuti ya serikali ya eCitizen, kila mmoja hulipa shilingi 10,650. Ada hiyo inamega zaidi ya sehemu moja ya kumi ya mtaji wa mwenye ndizi. Kwa mwenye duka, ni takriban asilimia 0.2 tu.

Zamani hesabu ilikuwa tofauti. Ushuru wa stempu ulitozwa asilimia 1 ya mtaji ulioandikishwa, hivyo shilingi 5,000,000 zilizaa ushuru wa 50,000, na 100,000 zikazaa 1,000. Mageuzi yaliyofuata Sheria ya Kampuni ya 2015 yaliufuta ushuru huo, ikawekwa ada moja kwa wote. Aliyepata nafuu kubwa ni mwenye mtaji mkubwa.

Hata hivyo, sheria hiyo ilimwondolea mdogo mizigo mingine. Sasa mtu mmoja anaweza kuunda kampuni peke yake. Katiba ya mfano imo tayari kwenye kanuni, hivyo si lazima kumlipa wakili aandike nyingine. Katibu wa kampuni halazimiki mpaka mtaji uliolipwa ufike shilingi milioni 5. Mwombaji huchagua jina, hujaza taarifa za wakurugenzi na wenye hisa, hutaja wamiliki halisi, hupakia fomu zilizotiwa saini, kisha hulipa kwa M-Pesa. Asiye na kompyuta huenda Huduma Centre au saiba.

Gharama nzito huja baada ya cheti. Kila mwaka kampuni hupeleka taarifa kwa msajili wa kampuni na ritani ya kodi kwa mamlaka ya mapato, KRA, hata kama haikuuza mkungu mmoja. Mtu binafsi akichelewesha ritani, faini huanzia shilingi 2,000. Kampuni ikichelewa, huanzia 20,000. Mwaka mmoja wa kusahau unakaribia kuwa mara mbili ya ada ya usajili.

Kwa nini basi mtu ajisajili? Kwa sababu ya kikomo chenyewe. Viwanda vya chai chini ya KTDA, wakala wa chai ya wakulima wadogo, kama Tombe hapo Nyamira, ni kampuni ambazo wakulima ndio wenye hisa. Deni la kiwanda ni la kiwanda. Mdai hawezi kumfuata mkulima amnyang'anye ng'ombe wake. Jina la biashara lililosajiliwa bila kampuni, linalogharimu takriban shilingi 1,000, halina kinga hiyo: ukishindwa kulipa, mali yako ya nyumbani imo hatarini.

Ushauri wangu kwa kikundi kilichozaliwa katika egesangio, yaani kusaidiana kazi za shamba kwa zamu, na sasa kinataka kuuza ndizi pamoja ni huu: mweka hazina aandike 10,650, kisha chini yake aandike malipo ya mtu wa kuandaa hesabu na ritani kwa miaka miwili. Kama kikundi kinakopa au kinauza kwa mkopo, na faida inabeba jumla hiyo, kijisajili. Kama haiibebi, kianze na jina la biashara, kiuze kwa pesa taslimu, na kiweke akiba ya kampuni kuanzia mkungu wa kwanza.