Mkono wa Fundi wa Utumbo

Kibaigwa inajulikana kwa mahindi. Ukipita barabara ya Morogoro kwenda Dodoma msimu wa mavuno, macho yanaishia kwenye magunia na malori. Mimi hupenda kuzunguka nyuma ya bucha, anakofanyia kazi fundi wa utumbo. Supu anayokunywa dereva alfajiri kabla ya kuwasha lori inaanzia mikononi mwake, na kazi yenyewe haitaki papara.

Anapasua tumbo la ng'ombe na kumwaga. Mabua na nyasi hutoka kwa bonge, maji ya kijani yanafuata. Kisha analitumbukiza kwenye maji ya moto anayoyapima kwa kidole tu: yakiwa vuguvugu, utando mweusi hautoki; yakichemka mno, unang'ang'ania na taulo, yaani ukuta wa tumbo wenye vinyweleo, linaharibika. Anakwangua kwa kisu kilichochoka makali. Sehemu ya juu humalizika upesi, maana paa la tumbo la ng'ombe lina vinyweleo vichache. Chini vimesongamana, na hapo kisu hutambaa. Kitabu, chumba cha tumbo chenye kurasa kurasa, anakifungua jani moja moja, kwa sababu mchanga hupenda kujificha humo. Akiletewa la mbuzi, mkono unabadilika wenyewe: kitabu ni kidogo, na kuta za sega, kile chumba chenye vijumba kama vya nyuki, ni fupi.

Haya anayoyajua kwa vidole, Reinhold Hofmann aliyaweka kwenye karatasi. Alifundisha anatomia ya mifugo Chuo Kikuu cha Nairobi, na mwaka 1973 East African Literature Bureau ikachapisha kazi yake juu ya matumbo ya wanyama pori wanaocheua wa Afrika Mashariki. Naye alipasua, akaosha, akapapasa, tumbo baada ya tumbo. Digidigi na twiga aliwaweka kwa wachagua majani, nyati na nyumbu kwa wala nyasi, swala pala katikati. Kwa mpangilio huo ng'ombe wetu yuko upande wa nyati, na mbuzi yuko na swala pala. Ndani ya mla nyasi chakula hukaa muda mrefu na kujipanga, mabua juu na maji chini. Ndani ya mchagua majani huchanganyika na kupita haraka.

Wapangaji wa humo hawawezi kupuuza nyumba ya namna hiyo. Mililita moja ya yale maji ya kijani hubeba bakteria wapatao bilioni 10, katika joto la nyuzi 39 hivi, karibu bila oksijeni kabisa. Kuna wanaojibandika kwenye bua na kulimeng'enya, na kuna wanaoelea wakisubiri sukari. Chakula kikipita upesi, anayechelewa kuzaana husombwa nacho.

Je, nyumba ndiyo inayowachagua wapangaji wake? Jaribio ninalolipenda zaidi juu ya swali hilo lilichapishwa mwaka 2006 na mtafiti John Rawls na wenzake, nchini Marekani. Walichukua bakteria wa matumbo ya panya wakawapandikiza kwa samaki wadogo waliofugwa bila kidudu chochote, kisha wakafanya kinyume chake. Koo za bakteria zilibaki zile za mtoaji. Idadi zao, nani wengi na nani wachache, zilielekea kufanana na za kawaida kwa mnyama aliyewapokea. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2010, huko Wisconsin, Paul Weimer na wenzake walibadilishanisha vilivyomo katika matumbo ya jozi mbili za ng'ombe, zaidi ya asilimia 95. Fikiria ndoo zilizobebwa! Katika jozi ya kwanza, kesho yake uchachu wa kila tumbo ulikwisharudia hali yake ya zamani. Bakteria walichukua majuma.

Hata hivyo kuna wanaohama na kustawi. Mlusina, mti wa malisho unaofahamika pia kwa wafugaji wetu, una sumu iliyowadhuru ng'ombe wa Australia. Mbuzi wa Hawaii waliula bila shida. Mtafiti Raymond Jones aliwachukua bakteria kutoka kwa mbuzi hao miaka ya 1980 na kuwaingiza katika mifugo ya Australia, nayo ikaanza kula mlusina salama. Mmoja wao, aliyepewa jina la Synergistes jonesii mwaka 1992, huishi kwa kuivunjavunja sumu hiyo, basi popote mlusina unapoliwa chakula chake kipo, awe ndani ya mbuzi au ndani ya ng'ombe.