Studio Nyuma ya Kisogo cha Mwezi

Oktoba 1959, chombo cha Kisovieti kilichoitwa Luna 3 kilipita nyuma ya Mwezi kikiwa kimebeba kamera, filamu, dawa ya kusafishia picha, kikaushio, na mtambo wa kuzisoma picha hizo na kuzituma nyumbani kwa redio. Chombo chenyewe kilikuwa pipa la urefu wa meta 1.3 lenye uzito wa kilo 278.5. Aliyewahi kuingia kwenye chumba cha giza cha studio ya mtaani, chini ya taa nyekundu, anajua kazi ile inavyotaka kubembelezwa: joto likizidi, dawa ikichoka, mwanga ukipenya kwenye ufa wa mlango, basi harusi ya watu imepotea. Sasa mwondoe mpiga picha. Ondoa beseni, ondoa hata uzito unaoifanya dawa itulie chini, kisha dai kazi ileile.

Mwezi hujizungusha kwa muda uleule unaoutumia kuizunguka Dunia, ndiyo maana tunauona uso mmoja tu. Watu wameutazamia mwandamo kwa maelfu ya miaka, na kisogo chake hakuna aliyekijua. Machi 1959 Marekani ilirusha Pioneer 4, ikapita umbali wa kilomita 60,000 hivi, mbali mno kwa jicho lake la mwanga kushtuka. Septemba Wasovieti wakaugonga Mwezi kwa Luna 2. Kugonga kulitaka shabaha. Picha ilitaka chombo kitulie, na hilo lilikuwa halijafanyika bado.

Luna 3 iliondoka tarehe 4 Oktoba, miaka miwili kamili baada ya Sputnik. Wanahisabati wa Mstislav Keldysh waliipangia njia ya kupita upande wa kusini wa Mwezi, kilomita elfu sita na ushee, ili mvutano wa Mwezi wenyewe uipinde njia hiyo kuelekea kaskazini. Sababu yao ilikuwa ya kawaida kabisa. Vituo vya kupokea mawimbi vilikuwa kwao, kaskazini, kikiwemo cha Krimea, na chombo ambacho kingerudi upande wa kusini wa Dunia kisingesikika vizuri. Basi Mwezi ukafanyishwa kazi ya usukani, bure.

Njiani chombo kilikuwa kikijizungusha. Kukisimamisha na kukielekeza ilikuwa kazi ya mfumo ulioitwa Chaika, wa Boris Raushenbakh na wenzake: macho ya kuhisi mwanga, jiroskopu, na matundu madogo ya kufokea gesi. Ninachokipenda hapa ni jinsi walivyochagua saa. Asubuhi ya tarehe 7 Oktoba, kwa mtu wa Duniani Mwezi ulikuwa mchanga wa siku tano hivi, yaani sehemu kubwa ya nuru ilikuwa imeangukia kisogo. Chombo kilikuwa kati ya Jua na Mwezi, karibu kwenye mstari mmoja nao. Kwa hiyo kiligeuzwa kwanza tako lielekee kwenye Jua, taa ambayo hata jicho dhaifu haliwezi kuikosa, na kwa kufanya hivyo kichwa kikawa tayari kimeelekea Mwezini. Jicho la pili likaukamata Mwezi, na kwa ishara yake kamera ikaanza. Hesabu ngumu ilikuwa imekwisha kufanywa na kalenda.

Kamera ilikuwa na lenzi mbili, ya milimita 200 iliyochukua Mwezi mzima na ya milimita 500 iliyochukua sehemu yake kwa undani. Kwa dakika 40, kutoka kilomita 65,000 hivi, ilipiga picha 29. Muda wa kufungua mwanga ulibadilishwa-badilishwa, kwa kuwa hakuna aliyejua upande ule unang'aa kiasi gani. Hawakujidai kujua.

Kisha filamu ikaingia kwenye dawa. Fundi wa studio hutumia dawa mbili, ya kuitoa picha na ya kuikaza, kwa zamu na kwa saa mkononi. Wale wa Leningrad walioutengeneza mtambo huu wa picha walitumia dawa moja iliyofanya yote mawili. Dawa ya namna hiyo haitoi picha bora kuliko zote, lakini inavumilia: kazi yake ikiisha inaishia hapo, hata filamu ikikaa humo kupita kiasi. Walikubali kupoteza uzuri kidogo ili wasimhitaji mwenye saa, na kwangu huo ndio uamuzi mkubwa kuliko wote ndani ya pipa lile.

Mtu atauliza, kwa nini wasitumie televisheni moja kwa moja? Redio ya chombo ilikuwa dhaifu na safari ya mawimbi ndefu, hivyo picha ilibidi itumwe polepole, na inayotumwa polepole lazima ikae mahali ikisubiri. Filamu ndiyo iliyokuwa kumbukumbu. Ilipokauka, nukta ya mwanga kutoka kwenye mrija wa katodi ilitembea juu yake mstari kwa mstari, na kilichopenya kikageuzwa kuwa mawimbi. Majaribio ya kwanza ya kupokea yalileta ukungu mtupu. Chombo kilipozidi kuikaribia Dunia, mistari ikaanza kusomeka, na hadi tarehe 18 Oktoba picha 17 zilikuwa zimepatikana. Tarehe 27 dunia ikaonyeshwa picha hizo.

Filamu yenyewe, kwa simulizi iliyotoka miaka mingi baadaye, ilikuwa ya Kimarekani: ilitolewa kwenye maputo ya ujasusi yaliyoangukia ardhi ya Kisovieti, kwa sababu ilistahimili joto na mnururisho kuliko waliyokuwa nayo. Majasusi wa Washington walichangia bila kuombwa.

Picha ni chafu, zina michirizi na madoa. Hata hivyo zilifunika asilimia 70 ya kisogo, na zilionyesha jambo ambalo halikutarajiwa: nyanda nyeusi zilizotapakaa kwenye uso tunaouona ni haba mno huko nyuma. Palipatikana uwanda mmoja mweusi, ukaitwa Bahari ya Moscow, na kreta yenye sakafu nyeusi, ikapewa jina la Tsiolkovskiy. Palichorwa pia safu ya milima, ikaitwa Milima ya Kisovieti. Julai 1965 Zond 3 ilipita na filamu yake, ikapiga sehemu kubwa ya kilichobaki, na mwaka uliofuata Wamarekani wenyewe wakarusha Lunar Orbiter iliyosafisha filamu ya Kodak hukohuko juu. Bahari na kreta zimebaki kwenye ramani hadi leo. Milima ile haikuwepo.